Dirisha wazi halimletei mtoto nimonia

Shule za Kenya zilifungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, na wanafunzi wote wakarudi Januari 2021. Watu walibishana sana: barakoa, nafasi kati ya madawati, maji ya kunawa. Ila huku Nakuru, hasa Molo kwenye baridi kali, kuna hoja ya zamani kuliko korona yenyewe: "Mkiacha madirisha wazi, mtoto atashikwa na nimonia."

Nimonia huletwa na vijidudu, yaani bakteria, virusi na mara chache kuvu. Baridi peke yake haiwezi kuileta. Ndiyo maana tangu 2011 watoto wachanga wanachanjwa kliniki dhidi ya bakteria mmoja anayeisababisha.

Mbona basi vikohozi huzidi Julai? Sababu kubwa ni kwamba tunajifungia ndani. Ingia darasa lililofungwa saa tatu asubuhi, watoto wamebanana wanasoma kwa sauti, uone vioo vilivyoloa kwa pumzi zao. Hewa hiyo wanarudishiana. Mmoja akiwa na korona, mafua au kifua kikuu, chembe ndogo anazotoa huelea humo kwa muda mrefu.

Kufungua dirisha moja kunasaidia kidogo. Fungua pande mbili zinazotazamana ili hewa ipite. Mzazi anayehofia baridi ana haki, mtoto anayetetemeka hasomi. Avishwe sweta nzito na soksi, na shule isimkataze kuvaa jaketi darasani eti si sare.