Wikiendi ya wawili kwenye mashamba ya mizabibu: yanayosemwa na ukweli wake

Mara ya kwanza mimi na mume wangu tulipoamua kwenda kuzunguka viwanda vya waini nilikaa siku tatu napanga ratiba, nikajaza viwanda sita kwenye Jumamosi moja, na katikati nikachomeka maduka ya wasanii, maana nilishajiaminisha kwamba mkienda safari kama hiyo lazima muone kila kitu la sivyo mmepoteza hela na muda. Kufika cha nne tumenuniana. Ulimi hauhisi kitu tena, kila glasi naona ladha ile ile, tumekaa kwenye gari pakingi, vioo juu, tunabishana nani kanywa kidogo aendeshe, na ukweli ni kwamba hakuna aliyekunywa kidogo. Tukaliacha gari pale pale tukaita teksi, na hayo maduka ya jioni hatukuyaona kabisa. Baada ya hapo ndo nikaanza kusoma na kuuliza watu wa mashambani wenyewe, nikakuta mambo mengi tunayoambizana kuhusu hizi wikiendi sio kweli, na ndiyo hayo hayo yanayotunyima mapumziko tuliyoyafuata.

Basi tuanze na hilo la wingi, kwamba viwanda vingi ndiyo safari nzuri. Hapana jamani. Piga hesabu tu ya kawaida: kionjo kimoja mara nyingi ni kama mililita 50, kiwanda kimoja wanakuwekea waini tano, ukienda viwanda vitatu ni mililita 750, yaani umekunywa chupa nzima peke yako huku unaona ni vimiminiko vidogo vidogo tu vya kuonja. Mimi nilikuwa nimepanga sita, yaani chupa mbili kila mtu! Na hapo hujaweka muda, maana ukitaka kuonja kwa utulivu, uzungushwe, uone mapipa, ukae chini ya mti uongee na mwenzako, kiwanda kimoja kinakula saa moja na nusu bila hata kujisikia. Viwili kwa siku vinatosha, vitatu ukijitahidi, na piga simu kabla kwa sababu sehemu nyingi ndogo hawapokei mtu bila miadi.

Halafu kuna hii ya kwamba kutema waini ni kumdharau mwenyeji. Hii ilinisumbua sana mimi, nimelelewa kwamba ukipewa kitu unakula unamaliza unashukuru, sasa mtu kanimiminia waini ya mikono yake niiteme mbele yake? Lakini ile ndoo au chombo kinachowekwa mezani kimewekwa kwa kazi hiyo hiyo, na watu wanaoonja kwa kazi wanatema kutwa nzima, wangemeza wasingemaliza hata asubuhi. Unaisukasuka mdomoni, unavuta hewa kidogo, unatema, unakunywa maji. Na mkiona aibu kutema basi sheaneni, agizeni kionjo cha mtu mmoja mnywe wawili, sehemu nyingi wanakubali ukiuliza kwa adabu, na kuna raha yake kupokezana glasi moja, unamwangalia mwenzako usoni kabla hajasema chochote unajua hii kaipenda au hajaipenda.

Kahawa haimtoi mtu pombe mwilini, wala kuoga maji ya baridi, wala kula sana baada ya kunywa. Kahawa inakutoa usingizi tu, kwa hiyo unakuwa mlevi aliye macho. Chakula kikitangulia kinapunguza kasi ya pombe kuingia kwenye damu, lakini ikishaingia ni kazi ya ini, na ini lina mwendo wake, kwa wastani gramu 7 hadi 10 za pombe kwa saa. Chupa moja ya waini ya asilimia 13 ina karibu gramu 77. Ukigawanya utaona ni zaidi ya saa saba, kwa hiyo yule anayesema "ngoja nipumzike nusu saa halafu naendesha" anajidanganya na anakuhatarisha wewe uliyekaa pembeni yake. Kubalianeni mapema, leo wewe kesho mimi, au chukueni gari lenye dereva.

Na wanawake wenzangu, hii ya kwenda glasi kwa glasi na mume, eti tuko sawa, naomba tuiache. Mwili wa mwanamke kwa kawaida una maji kidogo kuliko wa mwanaume, hivyo kiasi kile kile cha pombe kinapanda juu zaidi kwenye damu yake, hata mkiwa na uzito sawa. Sio udhaifu, ndo mwili ulivyo.

Nikiwa hapo hapo kwenye mwili niseme na la moyo, maana kila safari kuna mtu atakwambia glasi ya nyekundu kila siku ni dawa ya moyo. Shirika la Afya Duniani, ofisi ya Ulaya, lilisema wazi Januari 2023 kwamba hakuna kiwango cha pombe kilicho salama kwa afya, na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiweka pombe kwenye kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani tangu 1988. Mimi nakunywa kidogo kwenye wikiendi hizi na sijifichi, nakunywa kwa sababu naipenda. Ila kuiita dawa hapana. Na kama mmoja wenu ni mjamzito au hanywi kabisa bado safari ni yake pia, mashamba mengi wana juisi ya zabibu, na yale mandhari hayahitaji pombe.

Sasa nije kwenye lile lililonigusa zaidi, ile hofu ya kwamba lazima ujue. Watu wanaogopa kuingia kwenye kiwanda kwa sababu hawajui kusema "nasikia harufu ya cheri na tumbaku", wanaona wataonekana washamba, unakuta mtu mzima ananong'ona. Mwaka 2001 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanyika Bordeaux kule Ufaransa, wanafunzi 54 wanaosomea mambo ya waini walipewa waini nyeupe iliyotiwa rangi nyekundu isiyo na harufu yoyote, na wakaielezea kwa maneno ya waini nyekundu. Hao ni watu wanaosomea. Macho yanaiambia pua cha kunusa, kwa kila mtu, kwa hiyo usimwogope aliyesimama pembeni yako anaongea kwa kujiamini.

Na wapendanao wanaamini wakionja pamoja watahisi kitu kimoja. Sisi tuligombana kwa ajili ya pilipili manga! Mume wangu kainua glasi ya Shiraz, aina ya waini nyekundu, kanusa, anasema hii ni pilipili manga tupu, kama umefungua kopo la viungo. Mimi nikaweka pua ndani mpaka ikagusa glasi, nikazungusha, nikanusa tena, sioni pilipili wala kivuli chake, naona matunda tu, nikamwambia unajifanya, akanuna kweli. Kumbe ile harufu inatokana na kitu kinaitwa rotundoni, kipo kwenye zabibu hizo na kipo kwenye pilipili manga yenyewe, watafiti wa Australia waliitambua kwenye waini mwaka 2008, na katika waonjaji wao mmoja kati ya watano hivi hakuweza kuinusa hata ilipozidishwa sana. Kwa hiyo yawezekana mimi ni huyo wa tano. Nilimwomba radhi. Sasa hivi tumegeuza kuwa mchezo, kila mtu anaandika kwenye simu anachonusa halafu ndo tunaonyeshana, na tofauti zetu ndo zimekuwa stori za njiani.

Ila manukato yale makali muache hotelini, najua ni wikiendi ya mapenzi na mtu anataka kunukia, lakini sehemu kubwa ya tunachoita ladha ni harufu, na ukijipulizia sana unamharibia mwenzako na meza ya jirani pia.

Kwenye glasi yenyewe kuna maneno mengi pia. Yale machozi yanayoshuka kwenye kuta za glasi ukiizungusha, eti yakiwa mazito waini ni nzuri, hayana uhusiano na uzuri. Ni pombe inayeyuka hewani haraka kuliko maji, inabaki tabaka lenye mvutano mkubwa zaidi linalopanda kisha linadondoka, na mwanafizikia James Thomson alishalieleza jambo hilo mwaka 1855. Yanakuonyesha kiasi cha kilevi basi. Kifuniko cha kuzungusha nacho sio dalili ya waini ya bei rahisi, New Zealand waini zao nyingi sana zinafungwa hivyo, tena zile nzuri, kwa sababu kizibo cha gome la mti wakati mwingine kinabeba kemikali inayoifanya waini inuke kama kadibodi iliyolowa. Mimi mwenyewe napenda kizibo, napenda ule mlio wake, lakini huo ni mlio tu.

"Waini kadri inavyokaa ndo inakuwa tamu." Chache ndiyo, nyingi hapana. Waini nyingi zinazotengenezwa duniani zinakusudiwa zinywewe ndani ya miaka michache, hivyo ile chupa mliyonunua kwenye safari ya ndoa mnaitunza juu ya kabati jikoni, kwenye joto la jiko, mkingoja miaka kumi, jamani ifungueni. Na nyekundu kunywewa kwa "joto la chumba" hilo ni neno la zamani la nyumba za Ulaya zilizokuwa baridi, nyuzi 16 hadi 18 hivi, sio chumba chenye nyuzi 28, kwa hiyo kuiweka kwenye friji dakika ishirini kabla ya kunywa sio kosa.

Kuna siku nilimwaga glasi ya mwisho ya waini nyeupe nzuri kabisa kwa sababu nilikuta chini kuna vipande vinang'aa, nikaogopa ni vigae vya glasi. Nilivikamata kidoleni, vidogo kama chumvi ya mawe, vinameta. Ni chumvi ya asidi ya zabibu yenyewe, inajikusanya waini ikikaa kwenye baridi, haina madhara yoyote, ungeweza hata kuitafuna. Bado nakumbuka ile glasi.

Kichwa kuuma nako watu wanasingizia salfaiti, zile kemikali za kuhifadhi waini, kwa sababu wameziona kwenye lebo, hasa wanasema nyekundu ndo inazo. Kanuni za Umoja wa Ulaya zinaruhusu miligramu 150 kwa lita kwenye nyekundu isiyo na sukari na 200 kwenye nyeupe, yaani nyeupe ndo inaruhusiwa zaidi, na hamira yenyewe inatengeneza kiasi wakati wa kuchacha. Wapo wanaodhurika kweli hasa baadhi ya wenye pumu, hao wawe makini, lakini wengi wetu kichwa kinauma kwa pombe yenyewe na kwa kutokunywa maji kutwa nzima juani.

Na hii ya kudhani kiwanda kidogo kisichojulikana hakiwezi kuwa na kitu, tarehe 24 Mei 1976 Mwingereza Steven Spurrier aliandaa uonjaji Paris, majaji Wafaransa, chupa zimefichwa, na zilizoongoza nyeupe na nyekundu zote zilikuwa za California, Chateau Montelena na Stag's Leap, zote za mwaka 1973, wakati huo wengi hapo hawakuwa wanazitarajia kabisa. Onjeni kwanza kabla hamjauliza jina.

Msimu wa mavuno picha zinavutia lakini ndo wakati wenyeji wamechoka na hawana muda wa kukaa na nyie, kaskazini mwa dunia ni kati ya Agosti na Oktoba, kusini ni Februari mpaka Aprili. Nendeni kabla au baada mtaongea na mwenye shamba mwenyewe.

Maduka sasa. Kwanza usiamini kila kilichopo kwenye duka dogo la mbao lenye maua mlangoni kimetengenezwa hapo, vingine vinatoka kiwandani mbali na vinabandikwa lebo nzuri, uliza tu nani katengeneza na kwa nini kachagua hivi, mwenye mkono wake ataongea mpaka mchelewe. Sabuni iliyotengenezwa kwa mkono ikiandikwa "haina kemikali" sio kweli, hakuna sabuni bila soda kali kukutana na mafuta, ila zikishakutana vizuri soda haibaki, na ile ya kutengenezwa bila moto inakaushwa wiki nne mpaka sita kabla ya kuuzwa, hilo swali la wiki ukimuuliza fundi anakuheshimu.

Na asali iliyoganda watu wanairudisha dukani wanasema imetiwa sukari! Niliona mama mmoja muuzaji akijitetea karibu kulia, mteja anapaza sauti, na mama yuko sahihi. Asali halisi nyingi zinaganda zenyewe kwa sababu ya glukosi, sukari yake ya asili, nyingine ndani ya wiki chache, na lile jaribio la kuwasha kiberiti au kuidondosha kwenye maji halithibitishi usafi wake. Ikiganda weka chupa kwenye maji ya uvuguvugu, sio yanayochemka, italainika taratibu. Mtoto chini ya mwaka mmoja usimpe kabisa, iwe imeganda au haijaganda.

Mwisho wa siku mnavyorudi usiache chupa kwenye gari mkaenda kula, nje kukiwa nyuzi 30 ndani ya gari lililofungwa juani panaweza kuvuka 45 ndani ya saa moja, waini inaharibika kwa joto, kizibo kinasukumwa nje, na mnakuja kuigundua nyumbani. Sisi siku hizi tunabeba boksi la kupozea, waini chini, asali pembeni, na taulo juu yake visigongane.