Je, mbwa mwitu wanaweza kurudishwa Ziwa Nakuru?

Wanafunzi wa shule za Nakuru wanaokuja kujifunza ikolojia kwetu huwa wameshaiona kwenye simu habari ya mbwa mwitu wa Marekani: wanyama wachache wanarudishwa mbugani, kulungu wanatawanyika, miti inaota, hata mito inabadilisha njia. Kisha mkono unainuliwa. "Mwalimu, mbona sisi tusiletewe hapa Ziwa Nakuru?"

Ni swali zuri, na linastahili jibu lenye ushahidi, hasa kwa kuwa katika kaunti jirani ya Laikipia mbwa mwitu waliwahi kurudi wenyewe bila kuletwa na mtu. Jibu langu ni kwamba kwa sasa hapa kwetu haiwezekani. Kinachozuia ni uzio wa mbuga na mbwa tunaowafuga majumbani, na hayo mawili yanahitaji kuelezwa taratibu.

Kwanza tujue tunamzungumzia mnyama yupi. Mbwa mwitu wa kijivu ni wa Ulaya, Asia na Amerika Kaskazini, na mbwa wetu wa nyumbani wametokana na ukoo wake. Mbwa mwitu wa madoa ni wa Afrika: masikio yake ni ya duara, mguu wake wa mbele una vidole vinne tu, na amebaki kwa idadi isiyofika 7,000 barani kote. Yuko na wa tatu ambaye wengi wetu tumemwona na kumwita mbweha. Mwaka 2015 uchunguzi wa vinasaba, uliotumia pia sampuli kutoka Kenya, ulionyesha kwamba yule mbweha wa rangi ya dhahabu wa Afrika ni spishi ya peke yake, na udugu wake na mbwa mwitu wa kijivu ni wa karibu kuliko udugu wake na mbweha anayefanana naye kule Asia. Ndiyo, Kenya ina mbwa mwitu wa ukoo huo, na anatembea Maasai Mara mchana kweupe. Swali la wanafunzi, hata hivyo, huwa ni juu ya yule wa madoa, kwa sababu ndiye aliyetoweka sehemu nyingi za nchi.

Turudi Marekani. Mbuga ya Yellowstone ina ukubwa wa karibu kilomita za mraba 9,000. Serikali yenyewe ndiyo iliyowamaliza mbwa mwitu wake kwa bunduki, mitego na sumu, na kufikia mwaka 1926 hakukuwa na kundi lililobaki. Mwaka 1995 na 1996 waliletwa 31 kutoka Kanada, nao wakazaana. Miaka ya karibuni idadi yao imekuwa ikicheza kwenye 100. Elki, kulungu wa huko, walikuwa wamekaribia 20,000 katika kundi la kaskazini, nao wakapungua sana. Lakini miaka hiyohiyo dubu na puma, paka mkubwa wa huko, waliongezeka pia, na wawindaji walikuwa wakiwapiga risasi elki waliovuka mpaka wa mbuga. Kumpa mbwa mwitu sifa zote si sahihi.

Kuhusu miti na mito ushahidi ni mgumu zaidi kuliko inavyosimuliwa. Mwaka 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado walitoa matokeo ya jaribio la miaka 20 kando ya vijito vya Yellowstone. Baadhi ya mierebi, miti inayoota kando ya maji, waliizungushia ua isiliwe, na mahali pengine wakajenga mabwawa madogo kama yale yanayojengwa na biva, mnyama anayeziba mto kwa magogo. Mierebi iliyopata kinga na maji kwa pamoja ilirefuka. Ile iliyoachiwa mbwa mwitu peke yao ilibaki mifupi mingi. Sababu ni kwamba biva walikuwa wametoweka kwenye vijito hivyo, maji yakachimba mkondo kwenda chini, na mizizi ikaachwa juu mahali pakavu. Mnyama mwindaji akiondolewa miongo saba, nchi huchukua umbo jingine, na kumrejesha hakuirudishi ilivyokuwa. Hilo ni jambo la kwanza ninalotaka wanafunzi wetu wabaki nalo, kwa kuwa linahimiza kulinda kilichopo kabla hakijatoweka.

Utafiti unaotuhusu zaidi sisi wa Nakuru, kwa maoni yangu, ni wa mahali pengine kabisa: Isle Royale, kisiwa kilicho katika Ziwa Superior kaskazini mwa Marekani, chenye ukubwa unaozidi kidogo kilomita za mraba 500. Muusi, kulungu wakubwa kuliko wote duniani, walifika huko mwanzoni mwa karne iliyopita. Mbwa mwitu walifika mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa kutembea juu ya barafu wakati wa baridi kali. Tangu mwaka 1958 watafiti wamewahesabu wanyama hao wawili mwaka baada ya mwaka, na hakuna utafiti mwingine wa mwindaji na windo lake uliodumu hivyo duniani.

Mwaka 1980 mbwa mwitu wa kisiwa walikuwa 50. Miaka miwili baadaye walikuwa 14. Virusi vya parvo, ugonjwa wa kuharisha damu unaoua watoto wa mbwa hapa kwetu pia, vilifika kisiwani, na inaaminika vililetwa na mbwa wa mgeni aliyeingizwa ingawa mbwa walikuwa wamepigwa marufuku huko. Ugonjwa ulipopita, kundi halikuinuka kama ilivyotarajiwa. Ndugu walikuwa wakizaa na ndugu. Mifupa ya mgongo ya wengi wao ilipopimwa ilikutwa na kasoro za kuzaliwa. Mwaka 1997 dume mmoja alivuka barafu kutoka bara, akaleta damu mpya, na kwa miaka kadhaa hali ikawa nzuri. Lakini uzao wake ulikuwa mkubwa mno hata kisiwa kizima kikawa ni wanawe na wajukuu zake, na tatizo likarudi palepale. Barafu nayo ikawa inaganda mara chache kuliko zamani, kwa hiyo hakuna mwingine aliyemfuata. Kufikia mwaka 2016 walibaki mbwa mwitu 2, dume na jike, baba na binti. Muusi bila wa kuwapunguza wakapita 2,000, wakila miti michanga hadi ikashindwa kukua. Mwishowe, kati ya mwaka 2018 na 2019, Idara ya Mbuga za Taifa ya Marekani ilipeleka mbwa mwitu 19 kutoka sehemu mbalimbali, na kundi likaanza upya.

Sasa tazama ramani yetu. Mbuga ya Ziwa Nakuru ina kilomita za mraba 188, na sehemu kubwa ya hiyo ni maji, tena maji yaliyopanda sana tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010 yakameza barabara na hata lango la zamani. Imezungushiwa uzio pande zote tangu ilipofanywa hifadhi ya vifaru mwaka 1987. Uzio huo umewaokoa vifaru, na sina neno baya juu yake. Lakini kwa mbwa mwitu ungeifanya mbuga kuwa kisiwa, kidogo kuliko kile cha Superior. Kundi moja la mbwa mwitu wa madoa kule Laikipia huzunguka eneo la takriban kilomita za mraba 400. Hapa kwetu hata kundi moja halitoshei, na watoto wao wangekua bila mahali pa kwenda kutafuta wachumba.

Afrika Kusini wamejaribu njia hiyo tangu mwishoni mwa miaka ya 1990. Huko hifadhi ndogo zenye uzio hushirikiana, wanyama wakihamishwa kwa gari kutoka moja hadi nyingine ili damu ichanganyike. Inawezekana, ila ni kazi isiyokwisha na ya gharama kubwa. Pia waligundua kwamba mbwa mwitu hujifunza kuutumia uzio: wanalikimbiza windo hadi kwenye nyaya, na hivyo kuua wanyama wakubwa ambao uwandani wangewashinda. Wafikirie pundamilia na kuro wetu wakibanwa kwenye ule uzio wa upande wa mji.

Laikipia ni habari tofauti, kwa sababu huko hakuna aliyewaleta. Walitoweka miaka ya 1980, na kuanzia karibu mwaka 2000 wakaanza kurudi kutoka kaskazini, wakapita kwenye mashamba makubwa na malisho ya wafugaji ambako swala na dikidiki bado wapo. Watafiti waliwavisha kola za redio na kuwafuata miaka mingi. Walichokipata kiliwashangaza wafugaji wengi: palipobaki wanyama wa porini, hata kama ni wachache, mbwa mwitu walishambulia mifugo mara chache mno, kama shambulio moja kwa mwaka katika kila kilomita za mraba 1,000. Fisi na chui ndio waliokuwa hasara ya kila siku.

Kisha mwaka 2017 distempa ikaingia. Ni ugonjwa wa virusi unaompata mbwa wa kawaida: makamasi, kuharisha, mtikisiko wa misuli, kifo. Mbwa mwitu wa Laikipia waliangamia karibu wote, kundi baada ya kundi. Wachache walionusurika ndio waliotoa makundi yaliyoonekana baadaye. Na haikuwa mara ya kwanza kwa eneo letu. Mwaka 1989 kichaa cha mbwa kiliua karibu kundi zima Maasai Mara, na miaka michache baadaye mbwa mwitu wakawa hawaonekani tena Mara na Serengeti. Mwaka 1994 distempa iliua simba wapatao 1,000 wa Serengeti, yaani theluthi moja yao, na uchunguzi ukaelekeza kidole kwa mbwa wa vijiji vinavyoizunguka.

Hapo ndipo ninapotaka kukaa, kwa sababu hapo ndipo mkazi wa Barut, Mwariki, Molo au hata Ahero kule Kisumu ana uwezo ambao mtafiti hana.

Ethiopia ina mbwa mwitu wake, mwekundu mwenye miguu mirefu, anayekula panya na fuko wa milima ya juu. Watu wazima wake hawafiki 500, na zaidi ya nusu wako Milima ya Bale. Wafugaji wa huko hupanda na mbwa wao, na kichaa cha mbwa kimewapiga mbwa mwitu hao tena na tena, mwaka 2003 kikiua karibu robo tatu ya waliokuwa katika bonde lililoathirika. Madaktari wa mifugo walifanya jambo la akili: hawakujaribu kuwakamata wote. Walichanja makundi yaliyokaa kwenye mapito kati ya bonde na bonde, na ugonjwa ukakosa njia. Tangu mwaka 2018 wanatumia pia chanjo inayofichwa ndani ya chambo cha nyama, mnyama anaitafuna mwenyewe usiku. Lakini wanaendelea kuchanja maelfu ya mbwa wa vijijini, maana huko ndiko chemchemi ya ugonjwa ilipo.

Basi mtu atasema, tuwapunguze mbwa. Utafiti wa Laikipia unakataa. Watafiti walilinganisha maboma yaliyovamiwa na yasiyovamiwa, wakakuta hasara ni ndogo pale ambapo mchana mifugo ina mchungaji na mbwa, inalishwa mahali peupe, na usiku inalala kwenye zizi lenye ukuta mnene wa miiba, milango michache, watu karibu na mbwa wanaobweka. Mbwa yuleyule anayeweza kubeba distempa ndiye anayemwamsha mwenye kondoo fisi anapofika. Mfugaji wa kondoo wa Molo anajua hilo bila kuambiwa nami. Anachohitaji ni mbwa huyo awe mzima na awe amechanjwa, na asiachwe kuzurura usiku hadi kwenye msitu wa Mau.

Juu ya kichaa cha mbwa, Kenya ina mpango wa kukitokomeza kufikia mwaka 2030, na Kisumu na Siaya ni miongoni mwa kaunti tano zilizochaguliwa kuanza nao. Lengo ni kuchanja mbwa 7 katika kila 10, kila mwaka. Kurudia kila mwaka kunawaudhi watu, ninawaelewa. Ila mbwa wa vijijini hufa mapema na wengine huzaliwa kila msimu, kwa hiyo kijiji kilichochanjwa vizuri mwaka jana kinaweza kuwa wazi mwaka huu. Mtoto wa mbwa apelekwe akifikisha miezi mitatu. Na ujue kwamba ile sindano ya kampeni ya kaunti kwa kawaida ni ya kichaa cha mbwa peke yake. Distempa na parvo zina chanjo yake ya pamoja, ambayo unamwomba daktari wa mifugo na kuilipia. Kwa anayeishi kando ya uzio wa Ziwa Nakuru, au kwenye mpaka wetu na Laikipia, ningesema usiiache.

Mtu akiumwa na mbwa, mbweha au mnyama yeyote asiyejulikana, aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo apate chanjo. Asisubiri kuona kama mbwa atakufa. Dalili za kichaa cha mbwa zikishaanza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Baada ya hapo toa taarifa kwa ofisi ya mifugo ya kaunti ndogo yako, ueleze mbwa alitoka wapi na ameelekea wapi.

Na kwa mwanafunzi aliyeuliza: mbwa mwitu akirudi Nakuru, huenda atakuja kwa miguu yake kutoka Laikipia, kupitia mashamba ya watu, kabla mtu yeyote hajapanga kumleta. Ukimwona mnyama mwenye madoa meusi, meupe na ya manjano, masikio ya duara na ncha nyeupe ya mkia, mpige picha ukiwa mbali, andika mahali na saa, upeleke kwa ofisi ya KWS, shirika la serikali linalosimamia wanyamapori, iliyo karibu nawe. Taarifa za namna hiyo kutoka kwa wachungaji ndizo zilizowaonyesha watafiti wa Laikipia pa kuanzia.