Risasi Imegoma? Usikimbilie Kulaumu Baruti

Ndugu zetu walioko Texas na Minnesota wamezoea kujaza risasi zao wenyewe. Wanakusanya maganda yaliyokwisha kulia, wanayasafisha, wanayarudisha kwenye umbo lake, kisha wanatia fataki mpya, baruti na kichwa (kile kipande kinachoruka). Kule ni jambo halali kabisa, na video zao hutazamwa sana Nakuru na Kisumu. Huku kwetu Kenya, Sheria ya Silaha, Sura ya 114, hairuhusu mtu kujitengenezea risasi bila idhini, kwa hiyo mashine ya kujazia usiiagize ukaifunga stoo kule Njoro. Hata hivyo, mwenye leseni wa hapa naye hukutana na risasi iliyogoma, na maelezo anayopewa na wenzake kwenye kiwanja cha kulenga shabaha ni yale yale yanayozunguka kule ng'ambo. Mengi hayana msingi.

Linalotangulia yote ni hili: "Baruti imelala." Mtu anavuta kifyatulio, anasikia tik, kimya, na tayari hukumu imetoka.

Hebu tufuate moto ulivyopaswa kwenda. Kitakoni mwa ganda kuna kikombe kidogo cha shaba nyeupe au ya njano. Hiyo ndiyo fataki. Ndani yake kuna unga unaolipuka ukifinywa, na juu ya unga huo kuna kipande cha chuma kiitwacho fuawe. Pini ya bunduki inabonyeza kikombe, unga unabanwa kati ya kikombe na fuawe, cheche zinapita kwenye tundu na kuwasha baruti. Sasa, kama fataki ingelia halafu baruti ikakataa, ungesikia mlio mdogo, tap, na mara nyingi kichwa kingesukumwa hadi ndani ya mtutu. Ukisikia tik peke yake, moto haukuwahi kufika kwa baruti. Baruti haikuulizwa kitu, itajibu nini? Tatizo liko kwenye fataki, kwenye pini, au kwenye namna ganda lilivyokaa.

Kwa risasi zilizojazwa kwa mkono, mshukiwa mkuu ni fataki ambayo haikuzamishwa hadi mwisho wa shimo lake. Mjazaji mzuri huizamisha ikashuka chini ya usawa wa kitako kwa milimita 0.08 hadi 0.13 hivi, yaani unene wa karatasi ya daftari. Ikibaki juu, pigo la pini linaishia kuisukuma mahali pake badala ya kuilipua. Ndiyo maana risasi hiyo hiyo ikipigwa mara ya pili hulia vizuri tu, na mwenyewe anabaki akisema ilikuwa bahati. Si bahati. Pigo la kwanza limemalizia kazi ya mjazaji. Dawa yake ni kupitisha kidole kwenye kitako cha kila risasi kabla ya kuitia kwenye boksi, na kusafisha masizi yanayobaki ndani ya shimo la fataki. Maganda ya kijeshi yana ukingo uliofinywa kushikilia fataki ya awali. Ukingo huo usipoondolewa, fataki mpya huingia kwa taabu au ikapinda.

Ukitaka kujua ukweli, soma alama. Toa risasi (nitasema baadaye ni lini), itazame chini ya mwanga. Kidimbwi chenye kina katikati ya fataki, pale pini ilipobonyeza, maana yake pini imefanya kazi yake na fataki yenyewe ndiyo mbovu, jambo ambalo hutokea mara chache. Kidimbwi kifupi, kisicho na kina, maana yake pigo lilikuwa hafifu, na hapo sababu ni nyingi. Grisi ya miaka iliyoganda ndani ya bolti, lile komeo linalofunga nyuma ya chemba risasi inamokaa. Springi iliyochoka, au iliyobadilishwa makusudi ili kifyatulio kiwe chepesi. Wenye rivolva, bastola ya silinda inayozunguka, wanapenda sana mchezo huu. Au ganda lenyewe: kwa bunduki nyingi za risasi zenye mabega (pale ganda linapoanza kuwa jembamba kuelekea mdomo), ganda likirudishwa umbo kupita kiasi mabega hushuka, na pini ikigonga, risasi nzima inakimbilia mbele badala ya kusimama imara. Kwa bastola ya milimita 9, ganda hujizuia kwenye chemba kwa mdomo wake, kwa hiyo mdomo ukibanwa mno kwenye kichwa, matokeo ni yale yale.

Njia rahisi ya kutenganisha kosa la bunduki na kosa la risasi ni kupiga risasi za kiwandani kwa silaha ile ile na kulinganisha alama. Nazo zikiwa na vidimbwi vifupi, mpelekee fundi mwenye leseni bunduki yako.

"Ulizishika na mikono yenye jasho." Hii imewatia watu woga hadi wanavaa glavu. Fataki za siku hizi hufunikwa juu ya unga kwa karatasi au kwa rangi ya kuzuia unyevu, na jasho la vidole kwa nadra sana ndilo linaloziua. Mafuta ya kupenyeza kutu yaliyonyunyiziwa ovyo ndani ya bunduki yenye risasi ni hadithi nyingine, hayo yana uwezo wa kujipenyeza.

Nimewahi kusikia pia kwamba Nakuru ni juu, hewa nyepesi, kwa hiyo baruti inakosa hewa ya kuwaka. Mji uko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, hilo ni kweli, lakini baruti haiingojei hewa ya nje. Oksijeni inayohitaji imefungwa ndani ya kemikali yake. Risasi ingelia hata juu ya Mlima Elgon.

Unyevu wa Kisumu? Hapa kuna ukweli nusu. Risasi ya kiwandani iliyozibwa vizuri haidhuriwi na hewa ya ziwani ikiwa kwenye boksi lake. Anayeumia ni mjazaji wa mkono aliyeosha maganda kwa maji na sabuni akayajaza kabla hayajakauka ndani. Kwa nje ganda linang'aa, ndani kuna tone limejificha karibu na tundu la moto. Ukifungua risasi ya namna hiyo utakuta baruti imeshikana madonge. Wakati mwingine utakuta punje ya maganda ya tunda la jozi, yale yaliyosagwa ya kung'arishia, imeziba tundu lenyewe.

Na fataki si zote moja. Fataki kubwa ya raifo ni ndefu kuliko fataki kubwa ya bastola ingawa upana wao ni sawa, na kikombe chake ni kigumu zaidi. Ukiitia kwenye ganda la bastola itachomoza, tena springi ya bastola huenda isiitoshe. Halafu kuna mifumo miwili, ya Boxer na ya Berdan, yote ya miaka ya 1860. Boxer alikuwa Mwingereza na mfumo wake ndio unaopendwa Marekani. Berdan alikuwa Mmarekani na wake ukashika Ulaya. Ganda la Berdan lina fuawe yake mwilini na matundu madogo pembeni, na vifaa vya kawaida vya kujazia haviliwezi.

Wapo pia wanaosema mwenye hirizi akisimama mbele, risasi hugoma. Wapiganaji wa Maji Maji huko Tanganyika waliahidiwa kinga ya namna hiyo kwa maji ya dawa mwaka 1905. Bunduki za Wajerumani zililia.

Sasa dhana ambayo hainifurahishi hata kidogo: "Ikigoma, vuta bolti haraka, endelea." Askari hufundishwa kupiga kitako cha magazini na kukokota upya, kwa sababu mbele yake kuna mtu anayempiga risasi. Kiwanjani hakuna anayekuwinda. Kuna risasi zinazochelewa: fataki inawaka polepole, na mlio unakuja baada ya muda. Kwa kawaida ni sehemu ya sekunde, lakini ukiwa tayari umefungua bolti, ganda linapasukia usoni pako bila ukuta wa chemba kulizuia. Kwa hiyo elekeza mtutu kwenye shabaha, ngoja sekunde 30 angalau, ndipo ufungue huku uso ukiwa pembeni. Kama ni rivolva usiizungushe silinda. Risasi iliyochelewa ikilia ikiwa haijakabili mtutu, inaweza kuvunja silaha na vidole.

Na ule mlio wa tap niliotaja mwanzoni ndio hatari kuliko kimya. Mara nyingi maana yake ganda lilisahauliwa kutiwa baruti; nguvu ya fataki peke yake imesukuma kichwa kikakwama katikati ya mtutu. Ukipiga nyingine nyuma yake mtutu unaweza kupasuka. Ukisikia mlio usio wa kawaida, au bega lisiposukumwa kama ilivyozoea, simama. Toa risasi zote, tazama mtutu kutoka upande wa chemba, na kama huwezi kufika huko, pitisha ufito.

Wengine huichukulia risasi iliyogoma kuwa maiti, wakampa mtoto achezee au wakaiuza pamoja na shaba kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Unga wa fataki bado umo na baruti bado imo. Kwenye tanuru la mafundi wa jua kali haitaruka kama iliyopigwa kwa bunduki, lakini ganda litapasuka na vipande vyake vinatosha kumpofusha fundi. Mkabidhi msimamizi wa kiwanja, au ipeleke kituo cha polisi pamoja na cheti chako.