“Wanapinda Vidole Tu”: Wageni Wangu Wanavyokosea Kuhusu Ngoma za Thailand na Chakula cha Jioni

Mwezi uliopita mteja wangu mmoja, mfanyabiashara wa nguo wa Kariakoo ambaye safari zake za Bangkok nimezipanga mara tatu, alirudi akaniambia: “Dada, lile onyesho ulilonikatia tiketi ni zuri, nguo zinameremeta, lakini hamna kitu pale. Wanapinda vidole tu.” Maneno hayo nimeyasikia kwa walimu, kwa wauza vito, kwa maharusi walio fungate. Nimeyajibu kwa simu, nimeyajibu uwanja wa ndege, na sasa nayajibu kwa maandishi.

Katika ngoma hizi hakuna kidole kinachopindwa bure.

Chukua khon, tamthilia ya vinyago iliyolelewa katika kasri la wafalme, ambayo UNESCO iliiingiza kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2018. Aliyevaa kinyago hasemi neno. Maneno yake hutamkwa na wasimulizi walio pembeni, na yeye huyasema kwa mwili. Mikono miwili ikipishana kifuani, anapenda. Kiganja kikisugua shingo chini ya sikio, amekasirika. Mkono wa kushoto ukipanda kwenye paji la uso na kidole kikapangusa jicho, analia. Wanafunzi huanza wakiwa watoto, mwalimu anawakunja vidole kwenda nyuma hadi vizoee, halafu wanagawiwa kwa maumbile: huyu atakuwa mwanamume muungwana, huyu mwanamke, huyu zimwi, huyu nyani. Mara nyingi mtu hubaki na aina hiyo hiyo maisha yake yote. Zimwi hukanyaga kwa mapaja yaliyopanuka. Nyani hujikuna, huruka, hupinduka. Ukijua hilo tu, tayari unajua nani ni nani kabla hujaangalia rangi ya kinyago.

Na rangi nazo zinasema. Hadithi inayochezwa ni Ramakien, Ramayana ya Wathai. Hanuman ni nyani mweupe. Tosakan, mfalme wa mazimwi mwenye nyuso kumi, ni wa kijani, na Phra Ram, shujaa anayepigana naye, ni wa kijani vilevile, kwa hiyo anayetegemea rangi peke yake atapotea. Mtazame anavyosimama.

Kisha kuna muziki, ambao wageni wangu huuita “kelele za gongo”. Kikundi cha piphat kina marimba iitwayo ranat, gongo zilizopangwa duara, zumari, ngoma na matoazi madogo yanayoshika mapigo. Kila wimbo una kazi yake. Samoe ukipigwa, mtu anatembea. Choet, kuna safari ndefu, au kufukuzana, au vita. Ot ni kilio. Krao Nai ni jeshi la mazimwi linaondoka kwenda kupigana. Mthai aliyelelewa na muziki huu anaweza kufumba macho akajua jukwaani kunatokea nini.

Sisi tungepaswa kuwa wa kwanza kulielewa hili. Mlete mgeni asiyejua Kiswahili kwenye taarab. Ataona mwanamke ananyanyuka na noti mkononi, anakwenda kwa madaha hadi kwa mwimbaji, anatunza, anarudi kuketi. Atasema: wanatoa pesa tu. Wewe uliyekaa kiti cha tatu umeshajua ubeti gani aliungojea, na umeshamwona nani kageuza uso. Huyo mgeni hajadanganywa na mtu, hakufundishwa kutazama. Ndivyo ulivyokuwa wewe pale Bangkok.

Kipande ambacho maonyesho ya chakula cha jioni hupenda kukitoa ni kile cha Hanuman akimfukuza nguva. Wageni hucheka, wanapiga picha, wanarudi kwenye sahani. Lakini huyo nguva ni Suphannamatcha, binti wa Tosakan. Tosakan amemwiba Sida, mke wa Phra Ram, akampeleka kwake Longka ng'ambo ya bahari, na Hanuman, anayempigania Phra Ram, ameamriwa ajenge njia ya mawe kuvuka. Kila jiwe linalozamishwa linatoweka, kwa sababu samaki wa nguva huyu wanayabeba kwa amri ya baba yake. Hanuman anazama kumtafuta mhalifu, anamkuta, anampenda, na yeye anamwacha baba kwa ajili yake. Huo mkono unaosogea na kurudishwa, huo mgongo unaogeuzwa, ni binti anayechagua kati ya baba na adui wa baba. Ukilijua hili, dakika kumi hazitoshi. Usipolijua, ni nyani na samaki.

Ushauri wangu ni ule ule, na siuachi. Asubuhi nenda hekalu la Wat Phra Kaew, ndani ya Kasri Kuu la Bangkok, na uzunguke ile baraza iliyochorwa Ramakien yote katika picha 178. Hiyo ndiyo hadithi yenyewe, ambayo Mfalme Rama wa Kwanza aliisimamia ikaandikwa mwaka 1797. Chukua mwongoza watalii Mthai, mwambie akuonyeshe daraja la mawe na kutekwa kwa Sida, basi. Tiketi ya Kasri Kuu imekuwa ikibeba pia onyesho fupi la khon katika ukumbi wa Sala Chalermkrung, uliofunguliwa 1933. Watu wangu wengi huitupa tiketi hiyo mlangoni wakakimbilia soko la nguo la Pratunam! Halafu jioni, kula kwanza. Kula hotelini, kula barabarani, popote, lakini ngoma inapoanza mdomo wako uwe umepumzika. Huwezi kutoa miba ya samaki na kusoma vidole vya mtu kwa wakati mmoja. Ikiwa tiketi imefunga chakula na ngoma pamoja, fika mapema umalize kabla taa hazijazimwa.

Sasa kuna wanaoruka upande wa pili: “Kumbe ngoma ya chakula cha jioni ni feki, imetungwa kwa ajili ya wazungu.” Imekatwa, ndiyo. Ngoma ya saa nzima inakuwa ya dakika saba. Lakini wachezaji niliowahi kuzungumza nao nyuma ya jukwaa walisomea chuo cha sanaa za maonyesho, na mshahara wa jioni ndio unaowaweka kwenye fani. Kilichofupishwa si cha uongo.

Wengine huniambia: “Khantoke, ile karamu ya kaskazini yenye ngoma, ni ya tangu enzi za mababu.” Meza ile ya mviringo ya kaskazini ni ya zamani kweli, na fawn lep, ngoma ya kucha ndefu za shaba, ilikuwapo kwenye maandamano ya hekaluni muda mrefu kabla ya watalii. Ila kuviunganisha, chakula na ngoma mbele ya wageni waalikwa, ni jambo lililoanzishwa Chiang Mai mwaka 1953 na Kraisri Nimmanahaeminda. Sioni ubaya wake. Nisichokubali ni mteja Mwislamu kuketi pale bila kuuliza. Mchuzi wa hang le ni wa nguruwe, pilipili ya kuchovya ya nam phrik ong ina nguruwe wa kusaga, na zile kaukau nyeupe anazozitafuna mtoto ni ngozi ya nguruwe. Sema unapoweka nafasi, si unapoketi, na usitosheke na “tutakuondolea nyama”. Uliza kuhusu mafuta na sufuria. Mahali penye alama ya halali ya Baraza Kuu la Kiislamu la Thailand pana uhakika zaidi.

Wengine nao: “Hizi sanaa hazina Uislamu ndani yake.” Likay, tamthilia ya mitaani ambayo Wathai wa kawaida waliipenda kuliko khon, inatokana na nyimbo za dhikri za Waislamu wenye asili ya Kimalay. Jina lenyewe ni neno dhikri, limepita midomo mingi.

Onyesho la kabareti la Pattaya, kama Tiffany's lililopo tangu 1974, si ngoma ya jadi. Ni jukwaa la kisasa lenye ufundi wake. Ukiniomba “ya asili” halafu ukakasirika kwamba sikukupeleka huko, tumepishana tangu mwanzo. Na Siam Niramit ya Bangkok ilifungwa 2021. Anayekuuzia tiketi yake leo anakuibia.

Kinyago usikiombe ukivae upige picha. Kwa Wathai kichwa ni sehemu ya heshima kuliko zote, na vinyago vya khon huwekwa kama walimu: mchezaji hukiinamia kwa viganja vilivyokutana kabla ya kukivaa, na kila mwaka kuna ibada ya kuwaheshimu walimu ambapo vinyago hupangwa madhabahuni. Nimemwona mgeni wangu akikinyakua kimoja mezani. Yule kijana mchezaji, mwenye kinyago, hakugomba, alikipokea kwa mikono miwili, akakaa kimya.

Wale wachezaji wa pale madhabahu ya Erawan, Bangkok, kwenye makutano ya Ratchaprasong, hawachezi kwa ajili yako. Mahali hapo pa Phra Phrom, yaani mungu Brahma wa Wahindu, pamekuwapo tangu 1956, na anayelipia ngoma ni mtu aliyeweka nadhiri na akajibiwa. Amekuja kuitimiza. Tazama kwa adabu, usijipenyeze kati yake na wachezaji kwa ajili ya simu yako.

Na mwisho wa jioni, wakikuita jukwaani kwa ramwong, nenda. Hiyo ni ngoma ya wote, ya duara, iliyotoka vijijini na ikapewa muundo wake rasmi na serikali mwaka 1944. Fuata miguu ya aliye mbele yako, na hapo ndipo nakuruhusu kupinda vidole tu.