Maji kwanza, dawa baadaye: ninavyosafisha vidonda vya mbwa na paka

Jumapili moja asubuhi mzee mmoja wa Tabata aliniletea mbwa wake, Tomi, akiwa amemviringisha kwenye khanga. Usiku Tomi alipigana na mbwa asiyejulikana. Begani palikuwa na matundu mawili, kila moja dogo kuliko punje ya hindi, na juu yake unga wa njano ulioshikana na manyoya na damu kavu.

"Nimemwagia unga wa vidonge vya rangi mbili, dokta," mzee akaniambia. "Na spiriti kidogo, kuua wadudu."

Alikuwa amefanya alichokijua, tena kwa mapenzi. Nilimshukuru kwa kutosubiri hadi Jumatatu, kisha nikamweleza kwamba kazi yangu ya kwanza ni kuvitoa vyote alivyoviweka.

Hali hii naiona karibu kila wiki: unga wa vidonge, majivu, dawa ya bluu, oili chafu ya gari, unga wa betri. Sote tumelelewa tukiamini kwamba kidonda kinataka kitu cha kuwekwa. Kidonda kibichi kinataka kutolewa vitu: udongo, manyoya, damu iliyoganda, nyama iliyokufa, na bakteria wanaokula humo. Unga wa kidonge hugeuka bonge ndani ya tundu, na bonge hilo ni uchafu kama uchafu mwingine. Spiriti inaua bakteria wa juu, lakini inaunguza pia chembe hai zinazotakiwa kujenga nyama mpya, na maumivu yake mnyama hayasahau. Haidrojeni peroksaidi nayo, ile inayotoa povu jeupe na kumridhisha mtazamaji, inaharibu chembe hizo hizo.

Kabla sijamgusa Tomi nilivaa glavu na kuuliza habari za kichaa cha mbwa. Amechanjwa lini? Yule mbwa mwingine anajulikana ni wa nani? Kuna mtu aliyeng'atwa, au aliyeingiwa na mate kwenye mchubuko wakati wa kuwaachanisha? Hapa sina utani wala haraka. Mtu aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo kuulizia chanjo, hata kama jeraha ni dogo. Sabuni inavunja utando wa mafuta unaokifunika kirusi cha kichaa, ndiyo maana kuosha kuna uzito mkubwa hivyo. Kwa bahati mzee hakuguswa, na kadi ya chanjo ya Tomi alikuwa nayo mfukoni. Hata hivyo nilimrudishia chanjo siku ile ile, kwa sababu mbwa aliyemng'ata hatukuwa na namna ya kumfuatilia.

Tomi alichomwa sindano ya maumivu, kisha ya usingizi. Sikubaliani na kumkandamiza mnyama kwa watu wanne huku mmoja anasugua. Mnyama anateseka, watu wanang'atwa, na kidonda kinasafishwa juu juu tu.

Kunyoa kuna ujanja wake mdogo. Ukinyoa tu, vipande vya manyoya vinadondokea ndani ya kidonda na kunasa humo. Mimi nakijaza kidonda jeli ya maji kwanza, ile isiyo na mafuta, kisha nanyoa eneo pana kuzunguka. Manyoya yananata kwenye jeli, na vyote vinaondoka kwa maji.

Sasa maji yenyewe. Kipimo ninachofuata ni mililita 50 hadi 100 kwa kila sentimita ya kidonda, na kidonda kichafu sana napita hapo. Natumia dripu ya chumvi ya asilimia 0.9, au dripu ya Ringer laktati, yenye chumvi za aina kadhaa, ambayo ni laini zaidi kwa chembe hai. Kidonda kilichojaa matope naanza nacho chini ya bomba bila wasiwasi, kwa sababu kuondoa tope kunafaa kuliko kungoja maji kamili, kisha namalizia kwa dripu. Ukiwa nyumbani mbali na kliniki, chemsha lita 1 ya maji, tia gramu 9 za chumvi, yaani kama kijiko cha chai kimoja na nusu cha kusawazisha, acha yapoe, mwagia.

Nguvu ya maji ina maana yake. Yakidondoka tu taratibu, bakteria walioshikilia nyama hawang'oki. Yakija kama ya mpira wa kuoshea magari, yanausukuma uchafu ndani zaidi na kuitenganisha nyama. Njia inayonipa nguvu ya katikati ni mfuko laini wa dripu uliobanwa kwa mkoba wa presha, ule unaojazwa upepo, hadi milimita 300 za zebaki, maji yakipitia mpira wa dripu na sindano ya namba 18. Chupa ngumu za plastiki hazibanwi hivyo, kwa hiyo mifuko laini naitunza kwa ajili ya kazi hii.

Je, nitie dawa kwenye maji? Ukitaka kutia, kosa la kawaida ni ukali. Klorheksidini ya asilimia 2 nachukua mililita 25 na kuongeza maji hadi lita 1. Ayodini ya povidoni ya asilimia 10 nachukua mililita 10 kwa lita 1, na rangi yake iwe ya chai ya rangi iliyo nyepesi. Ikikoza kama kahawa, umeshapitiliza. Zile zenye sabuni ni za ngozi inayozunguka tu, zisiingie kidondani. Klorheksidini isisogee machoni wala masikioni.

Baada ya kuosha ndipo nikapima. Kidonda cha meno ni kama tundu la panya: mlango mdogo, ndani vyumba. Ngozi ya mbwa imelegea, kwa hiyo jino likishaingia na mbwa akatikisa kichwa, ngozi inafuata jino huku misuli ya chini inachanika. Koleo nililoingiza kwenye tundu la kwanza la Tomi lilikwenda sentimita 6 chini ya ngozi na kutokea karibu na la pili. Nilipafungua pote. Msuli uliokuwa umekufa ulijionyesha wenyewe: mweusi, hauchuruziki damu ukikatwa, haushtuki ukibanwa. Huo niliuondoa, kisha nikaosha tena kwa lita nzima.

Mzee aliposhuhudia nafunga bandeji juu ya kidonda kilicho wazi, akashangaa. "Mbona hujashona, dokta?"

Swali hili naulizwa kuliko lolote. Mwaka 1898 mpasuaji Mjerumani, Paul Leopold Friedrich, alionyesha kwa wanyama wa maabara kwamba kidonda kilichochafuliwa kikikatwa na kusafishwa ndani ya saa 6 hivi kinaweza kufungwa salama. Saa hizo 6 zikageuka sheria vichwani mwa watu. Mimi saa naiangalia, lakini naangalia zaidi kiasi cha uchafu, hali ya nyama, na damu inavyofika pale. Kidonda cha meno ukikishona siku ya kwanza unawafungia bakteria ndani ya chumba chenye joto na giza, na siku ya tatu unafungua jipu. Nikimwacha mgonjwa siku 3 hadi 5 huku nikibadilisha gozi, yaani kitambaa cha kufunikia kidonda, kila siku, mwili unanionyesha wenyewe kilicho hai na kilichokufa.

Katika siku hizo sukari ya kawaida ya jikoni ni rafiki yangu. Tabaka nene la kama sentimita 1 linavuta maji kutoka kidondani na kuwanyima bakteria unyevu. Nabadilisha mara moja au mbili kwa siku, na nahakikisha mnyama anakunywa vya kutosha, maana maji hayo yanatoka mwilini mwake. Asali nayo inafaa sana, lakini natumia ile iliyotayarishwa kwa vidonda, kwa kuwa asali mbichi inaweza kubeba mbegu za vijidudu.

Paka ni habari nyingine. Jino la paka ni kama sindano. Tundu linajifunga haraka, na baada ya siku chache unaona uvimbe wa moto, paka hali, amejificha chini ya kitanda. Hilo ni jipu, linahitaji kufunguliwa na kuoshwa. Nyama mpya ya paka pia inaota polepole kuliko ya mbwa, kwa hiyo nyuzi zake siharakishi kuzitoa. Na tafadhali, nakuomba kwa moyo wote: usimwogeshe paka kwa Dettol, na usimpe paracetamol hata robo kidonge. Ini lake haliwezi kuzivunja dawa hizo, na nimepokea paka waliokufa kwa huruma ya wenyewe.

Kidonda chenye funza kinatisha watu hadi wanakimbilia mafuta ya taa. Funza kweli wanakufa, lakini wanafia ndani na kuoza humo, na mafuta yanaunguza nyama na kulambwa. Natoa mmoja mmoja kwa koleo, naosha, nasubiri, walioko ndani wanapanda kutafuta hewa, natoa tena. Kesho yake narudia, kwa kuwa mayai yaliyobaki kwenye manyoya huanguliwa ndani ya siku moja.

Siku ya tano Tomi alirudi akitembea mwenyewe. Chini ya gozi palikuwa na nyama nyekundu yenye chembechembe, inayotoa damu ikiguswa kidogo, bila harufu. Nilishona. Kola ya shingoni ya saizi yake haikuwepo, tukakata kitako cha ndoo, tukalainisha kingo kwa plasta, na mzee akaifunga mwenyewe. Nyuzi nilizitoa siku ya kumi na mbili.