Kazi ya kwanza haikufungi maisha

Kila msimu wa mahafali ujumbe huu huzungushwa kwenye magrupu ya WhatsApp: ukianza na kibarua umeharibu CV, utalipwa kidogo hadi uzeeni, bora ukae nyumbani usubiri ofisi. Sivyo.

Nchini Ethiopia, karibu vijana 1,000 walioomba kazi viwandani waligawanywa kwa kura: wengine wakapewa kazi, wengine mtaji wa kama dola 300 na mafunzo ya biashara, waliobaki hawakupewa kitu. Wengi walioajiriwa waliacha ndani ya mwaka. Wenye mtaji walitangulia kwa kipato, lakini baada ya miaka 5 makundi yote matatu yalikuwa karibu sawa.

Mkanganyiko una chanzo. Anayeanza pazuri mara nyingi alishakuwa na shule nzuri, au mjomba ofisini. Tunaisifu kazi, mjomba tunamsahau. Ni kweli pia kwamba Kanada waliohitimu wakati wa mdororo wa uchumi walilipwa pungufu, ila pengo hilo lilififia ndani ya takriban miaka 10.

Ukiletewa ujumbe wa namna hii, tazama kama unasema nani alilinganishwa na nani. Usiposema, uishie kwako, usiupeleke grupu jingine. Huko yupo kijana aliyeitwa kazini Jumatatu na bado anajiuliza aende au asiende.