Damu Ambayo Haikumwagika: Tunayoyakumbuka Vibaya Kuhusu Filamu za Kutisha za Oktoba

Oktoba inapoingia Marekani, maboga huchongwa macho na kuwekwa vibarazani, na watu wazima wenye kazi na familia zao hujipangia filamu moja ya kutisha kwa kila usiku hadi tarehe 31, siku ya Halloween, wakizipendelea hasa zile za zamani na zile zilizotengenezwa kwa fedha za kuokoteza. Nimeufuata utaratibu huo kwa misimu kadhaa, na mabishano yanayozuka baada ya taa kuwashwa yamenionyesha jambo moja: mara nyingi mtu huapa kwamba ameona kitu ambacho hakimo kabisa katika filamu. Makosa hayo hayatokani na usahaulifu tu. Mwongozaji asiye na fedha hulazimika kuficha asichoweza kukionyesha, na jicho la mtazamaji hukimalizia kwa gharama yake lenyewe.

“Filamu hizi za bei nafuu zinategemea damu”

Anayeamini hivi na aanze na Halloween ya mwaka 1978, iliyoongozwa na John Carpenter kwa dola zisizozidi 325,000. Ni filamu inayotajwa kuwa chanzo cha wimbi zima la wauaji wenye visu, lakini damu iliyomo ni ya kutafuta kwa tochi. Kinachotisha ni mtu aliyesimama kando ya ua akiangalia bila kusema neno, pamoja na muziki wa kinanda ambao Carpenter aliutunga mwenyewe kwa siku chache. Barakoa ya muuaji huyo, ambayo wengi hudhani ilibuniwa na fundi stadi, ilinunuliwa dukani kwa dola zisizofika mbili. Ilikuwa sura ya mwigizaji William Shatner akiwa nahodha wa chombo cha angani, na waliipanua matundu ya macho, wakaibadilisha nywele na kuipulizia rangi nyeupe. Hata ile hali ya vuli tunayoisifu, yenye majani makavu yanayopeperuka barabarani, ni ya kutengenezwa, kwa kuwa filamu ilipigwa California katika majira ya machipuo. Majani yalipakwa rangi, yakamwagwa, kisha yakaokotwa na kutiwa magunia ili yatumike tena katika onyesho lingine. Mwenye macho makali ataiona minazi ya mapambo ya California ikichungulia nyuma ya mji unaodaiwa kuwa Illinois, na akishaiona hataacha kuiona.

The Texas Chain Saw Massacre ya mwaka 1974, yaani mauaji ya msumeno wa injini huko Texas, ina jina linalochuruzika damu kabla hujaketi. Tobe Hooper, aliyeipiga Texas katika joto kali la kiangazi kwa takriban dola 140,000, alizuia damu kwa makusudi kwa sababu alitumaini kupewa daraja la PG, linalowaruhusu watoto kuingia na kuwaachia wazazi waamue. Matumaini hayo yalikuwa ya kuchekesha, kwa kuwa wakaguzi waliisikia ile injini ya msumeno, wakauona uso wa binti anayekimbizwa, wakaamini wameona machinjio. Uingereza iliizuia kwa miaka mingi, na haikupata cheti cha kuonyeshwa bila kukatwa hadi mwaka 1999. Nimewahi kukaa na watu wawili walioitazama kwa mara ya pili wakiwa wameshika kalamu ili wahesabu majeraha yanayoonekana waziwazi, na kabla ya nusu ya filamu walikuwa wameacha kuhesabu, si kwa sababu idadi ilikuwa kubwa mno, bali kwa sababu karatasi ilibaki karibu tupu.

Kwa onyesho la mauaji ya bafuni katika Psycho ya mwaka 1960 mambo ni hayohayo. Alfred Hitchcock alitumia siku saba kupiga onyesho la chini ya dakika moja, akalikata vipande vidogo vidogo vinavyofuatana kwa kasi, na ile damu inayozunguka kuelekea kwenye tundu la maji ni shira ya chokoleti. Hapo huzuka dhana nyingine, kwamba filamu ilipigwa kwa rangi nyeusi na nyeupe kwa sababu rangi nyingine zilikuwa hazijapatikana. Hitchcock alikuwa amekwisha kupiga filamu za rangi tangu mwaka 1948. Safari hii alitaka kupunguza gharama, akawachukua mafundi wa kipindi chake cha televisheni, akamaliza kwa takriban dola 800,000, na aliona kwamba damu nyekundu ingewachefua watazamaji badala ya kuwatisha. Nadhani alikuwa sahihi, na waongozaji wengi wenye fedha zaidi yake hawajalijifunza hilo mpaka leo.

“Ni kisa cha kweli kilichotokea”

Filamu ile ya msumeno ndiyo iliyoeneza dhana hii zaidi kuliko nyingine zote, kwa kuwa inafunguka kwa sauti nzito ya msimulizi na maandishi yanayotangaza kwamba mkasa ulitokea tarehe 18 Agosti 1973. Tarehe hiyo ina kichekesho chake, kwani kiangazi hichohicho ndicho filamu ilipokuwa ikipigwa, na ingebidi waigizaji waanze kuigiza mkasa kabla haujatokea. Mtu halisi aliyechochea sehemu ya kisa ni Ed Gein, aliyekamatwa Plainfield, katika jimbo la Wisconsin, mwezi Novemba 1957. Gein aliua wanawake wawili na kufukua makaburi, lakini hakuwa Texas, hakuwa na familia ya walaji watu, na hakuwahi kumkimbiza mtu kwa msumeno wa injini. Mtu huyohuyo ndiye aliyeipa msukumo riwaya iliyozaa Psycho, kwa hiyo filamu mbili zisizofanana hata kidogo zimechota kisima kimoja.

The Blair Witch Project, kisa cha vijana watatu wanaopotea msituni wakifuatilia habari za mchawi, ilifanya udanganyifu wa aina hiyo kwa ustadi zaidi. Waigizaji watatu walipelekwa kwenye msitu wa Maryland mwezi Oktoba 1997 wakiwa na kamera walizozishika wenyewe, wakatumia majina yao halisi, wakaongozwa kwa maelezo mafupi waliyoachiwa njiani, na chakula chao kikapunguzwa siku baada ya siku ili uchovu na hasira viwe vya kweli. Upigaji ulichukua siku nane. Filamu ilipotoka mwaka 1999, tovuti yake ilikuwa na taarifa za kubuni za polisi, na wapo waliotoka ukumbini wakiamini kwamba vijana wale hawajapatikana. Hakuna mchawi wala hadithi ya kale ya Blair, kwani yote yalibuniwa na waongozaji Daniel Myrick na Eduardo Sánchez. Ukitazama kwa makini utagundua kwamba mchawi mwenyewe haonekani hata mara moja, ingawa kila mwaka hukosi mtu wa kukuelezea alivyofanana.

“Drakula ana meno ya chonge na anaungua juani”

Hapa nakiri kosa langu, kwa maana nilikuwa tayari kuweka dau kwamba Bela Lugosi anatoa chonge zake katika Dracula ya mwaka 1931. Hazitoi. Katika filamu nzima hakuna chonge hata moja inayoonekana. Kuna macho yaliyomulikwa kwa mwanga mwembamba, kuna joho, na kuna sauti ya Mhungaria anayeyatamka maneno ya Kiingereza kama anayapima kwa mizani. Chonge zenye damu, katika rangi kamili, tulizizoea baadaye kwa Christopher Lee katika filamu ya Uingereza ya mwaka 1958, na kumbukumbu zetu zimezichukua huko na kuzipachika kinywani mwa Lugosi.

Suala la jua lina historia inayovutia zaidi. Katika riwaya ya Bram Stoker ya mwaka 1897, Drakula hutembea London mchana, akiwa amepungukiwa na nguvu zake tu. Aliyemfanya mnyonya damu ateketee kwa mwanga wa alfajiri ni F. W. Murnau, Mjerumani, katika Nosferatu ya mwaka 1922. Kampuni iliyoitengeneza haikuwa imelipia haki za riwaya, ikabadilisha majina ya wahusika na mwisho wa kisa, lakini mjane wa Stoker hakudanganyika. Alishitaki, na mwaka 1925 mahakama ya Ujerumani ikaamuru nakala zote ziharibiwe. Kampuni ilikuwa imekwisha kufilisika baada ya filamu hiyo moja tu, na nakala zilizokuwa zimevuka mipaka ndizo zilizoiokoa filamu yenyewe. Kwa hiyo kanuni ambayo kila mtoto anaijua leo, kwamba jua huua wanyonya damu, si imani ya kale ya vijiji vya Ulaya Mashariki bali ni uamuzi wa watu wa filamu wasiokuwa na fedha ya hakimiliki. Msomaji wa pwani yetu atakumbuka kwamba mumiani wa masimulizi ya wazee hakuogopa jua hata kidogo, kwani alidhaniwa kuwa mtu wa kawaida mwenye kazi ya kawaida, na hapo ndipo ilipokuwa hofu yenyewe.

“Zombi ni maiti anayekula watu, na ndivyo alivyokuwa siku zote”

Night of the Living Dead, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza Pittsburgh tarehe 1 Oktoba 1968, ndiyo iliyotuachia maiti wanaotembea na kula nyama ya watu, lakini neno zombi halitamkwi humo hata mara moja. George Romero na wenzake, waliokuwa wakitengeneza matangazo ya biashara, walichangishana dola 600 kila mmoja kuanzia kazi, wakaifikisha jumla kwenye takriban dola 114,000. Damu ilikuwa chokoleti, na nyama na matumbo yaliletwa na mmoja wa wawekezaji aliyekuwa na biashara ya nyama.

Zombi wa filamu za awali alikuwa kiumbe tofauti kabisa. Katika White Zombie ya mwaka 1932, iliyopigwa kwa siku zipatazo 11 huku ikiazima mandhari za studio zilizobaki kutoka filamu kubwa, wafu wa Haiti hawamli mtu. Wanasukuma kinu cha miwa usiku kucha kwa ajili ya bwana mwenye kiwanda, na mmoja wao anapoanguka ndani ya mashine wenzake hawageuki hata kumtazama. Mtanzania anayeiona kwa mara ya kwanza hahitaji kuelezwa, kwa sababu huyo ni msukule: mtu aliyeliliwa na kuzikwa na jamaa zake, kisha ikasemekana yumo shambani kwa mchawi, akilima usiku na kulishwa pumba. Imani ya Haiti ilikomazwa na utumwa wa mashamba ya miwa, na hofu yake ni hofu ya kufanyishwa kazi hata baada ya kufa. Romero aliibadilisha hofu hiyo ikawa hofu ya jirani, na kwa maoni yangu filamu ya mwaka 1932, pamoja na uigizaji wake mzito usiovumilika mahali pengine, imelielewa jambo ambalo filamu nyingi za zombi za baadaye zimelisahau.

Husemwa pia kwamba Romero aliandika nafasi ya shujaa kwa ajili ya mtu mweusi ili atoe ujumbe wa kisiasa. Yeye mwenyewe alieleza kwamba Duane Jones aliipata kwa sababu alikuwa bora katika majaribio. Hilo haliondoi uzito wa mwisho wa filamu, ambapo mwanamume mweusi aliyenusurika usiku kucha anapigwa risasi asubuhi na kundi la wazungu wenye bunduki, miezi michache baada ya Martin Luther King kuuawa.

“Mwezi mzima wa filamu hizi ni ibada ya shetani, au ni desturi ya kale”

Si hili wala lile. Jina la Halloween linatokana na mkesha wa sikukuu ya Watakatifu Wote, na mila zake nyingi zilivuka bahari na wahamiaji wa Ireland na Uskoti. Filamu zenyewe zilitolewa wakati wowote: Dracula ilitoka Februari na Psycho ilitoka Juni. Kilichozifanya ziwe za nyumbani ni televisheni, hasa baada ya mwaka 1957, filamu 52 za zamani za studio ya Universal zilipouzwa kwa vituo kama furushi moja, zikatangazwa usiku wa mwisho wa juma na watangazaji waliovaa kama maiti.

“Za zamani zote ni za bure”

Dhana hii huwaingiza watu matatani wanapotaka kuandaa maonyesho ya hadhara. Umri pekee hautoshi, kwani Dracula ya Lugosi inalindwa na sheria za Marekani hadi mwisho wa mwaka 2026, yaani miaka 95 tangu ilipotoka. Night of the Living Dead, iliyo changa zaidi kwa miaka 37, haijalindwa tangu siku ya kwanza. Jina lake la awali lilikuwa jingine, na bango la mwanzo lenye jina hilo ndilo lililokuwa na tamko la hakimiliki. Msambazaji alipobadilisha jina alilitoa bango lote, akaweka jipya, na tamko halikurudishwa. Sheria ya wakati ule ilidai tamko liwepo, kwa hiyo filamu ikawa mali ya umma papo hapo, na Romero na wenzake wakapoteza fedha nyingi. Vituo vya televisheni visivyotaka kulipa senti viliichukua, wauza kanda za video wakaichukua, na hadi leo kila Oktoba huonyeshwa mahali pengi kuliko filamu zenye wanasheria, kwa sababu ya mstari mmoja wa maandishi ambao haupo.